Taa Zikififia Karurumo

Jumatatu, 3 Machi

Wameleta kabati. Ndiyo sayansi yenyewe tuliyoisubiri tangu mwaka jana: kabati la chuma la kijivu, refu kuliko mlango wa kanisa letu na pana kama kioski. Ilibidi wabomoe ukuta wa chumba cha pampu ndipo likaingia, kisha wakauziba tena. Limekuja na bwana mmoja wa Nairobi, Injinia Oscar. Viatu vyeupe! Kando ya mto! Nikamwonyesha kwa heshima zote njia ya mkato, ile inayopita penye matope.

Yuko pia Eunice Gatwiri, fundi wa umeme, msichana wa Majengo kule Meru, aliyesomea chuo hapa Embu na hachoki kutukumbusha. Kamati ya mradi wetu wa maji ilimwajiri Januari eti "amsaidie Lennox". Anisaidie nini? Mimi, Lennox Njura, nimeiwasha mota ya mradi huu kwa miaka kumi na mmoja. Mota ya volti elfu tatu na mia tatu, si hizi za kusaga mahindi. Maji ya bondeni hayapandi hadi tangi la Karurumo kwa maombi.

Kila alfajiri navuta mkono wa stata, ile swichi kubwa ya kuanzishia, mota inanguruma, na taa za Karurumo nzima zinafifia. Hapo kila mama anajua Lennox yuko kazini. Wanatoka na mitungi. Watu wa hapa hawahitaji saa, wananihitaji mimi. Kweli, mara kwa mara bomba hupasuka, hasa kile kiungo kilicho juu ya nyanya za Mzee Ngari, mwenyekiti wetu. Lakini bomba ni bomba. Hata visigino hupasuka.

Sasa Mzee Ngari ametangaza kwamba Jumamosi, mbele ya wanachama wote, atachaguliwa Msimamizi wa Mtambo. Huyo ndiye atakayeshika funguo na kuwasha maji. Ni mimi au Gatwiri. Nimecheka mpaka Kathure, mke wangu, akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 4 Machi

Somo. Oscar ametukusanya nje ya chumba cha pampu: mimi, Gatwiri na Mzee Ngari. Hakuleta ubao wala chaki. Ameazima kwa jirani mashine ya mkono ya kumenya kahawa! Mtu amesoma miaka yote hiyo ili aje kuwafundisha watu wa Embu kumenya kahawa.

Akasema mota ina kazi mbili, kama mashine hiyo. Kwanza mtu aishike isiyumbe. Huo ndio usumaku, na bila huo hakuna cha kusukuma. Pili, mtu azungushe mkono wake. Umeme unaoingia kwenye mota hufanya kazi zote mbili kwa pamoja, umechanganyika kama maziwa ndani ya chai. Draivu, ndilo jina la kabati, huutenganisha kwa hesabu: sehemu hii ya usumaku, sehemu ile ya kuzungusha, kila moja na kipimo chake. Eti huo ndio udhibiti wa vekta. Na vekta ni nguvu pamoja na upande inakoelekea.

Nikasema nguvu ni nguvu. Akaniambia karibu, boss, zungusha, ila usukume mkono kuelekea katikati ya gurudumu. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Mishipa ya shingo ikasimama, mashine haikusogea. Gatwiri, aliyekuwa ameishikilia, akanipa pole kwa niaba ya mashine. Kisha akausukuma mkono ule kwa kidole kimoja, kwa pembe mraba, ukazunguka. Mzee Ngari akasema Ahaa! Mzee huyu husema Ahaa hata akiona kuku.

Basi siri yote, kwa maneno ya Oscar, ni kujua mkono umefika wapi kila wakati, ili usukume kwa pembe mraba bila kupoteza nguvu. Hapo nikamkamata. Nikamuuliza kama kabati lake lina macho. Litajuaje gurudumu limefika wapi ndani ya mota iliyofungwa? Akafurahi! Akasema hilo ni swali zuri sana. Sikutaka liwe zuri, nilitaka limshinde.

Akajibu kwamba halina macho, lina hesabu. Linapima umeme kwenye kebo tatu za mota, maelfu ya mara kwa sekunde, na kukadiria mkono uko wapi. Lakini ili likadirie sawasawa lazima lijue tabia za mota. Tabia hizo zimeandikwa kwenye kibao cha bati kilichobandikwa ubavuni mwake: volti, ampea, mwendo, na mengine. Ukilidanganya pale, akasema, litausukuma mkono mahali ambapo haupo.

Ukilidanganya pale. Maneno yake mwenyewe. Mimi sikumuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Oscar amesema leo ni hali rahisi tu, bila vekta. Kabati linapeleka umeme polepole, kama mtu anayezungusha mkono akiwa amefumba macho na kutumaini. Gatwiri akabonyeza kitufe. Kitufe! Kazi niliyoifanya kwa bega zima, yeye anaifanya kama anayepiga kengele ya mlango. Mota ikaamka kama paka. Taa hazikufifia hata kidogo.

Oscar akaeleza kwamba stata yangu huifanya mota imeze umeme mara sita ya kawaida inapoanza, ndiyo maana taa hulegea, na maji husukumwa kwa kishindo mpaka mabomba hupasuka. Alilisema kana kwamba ni ugonjwa.

Na matokeo ya uungwana wao? Karurumo hakuna aliyejua kwamba maji yamekuja. Hakutoka mama hata mmoja. Tangi likajaa, likafurika, maji yakateremka barabarani mpaka mlangoni pa kinyozi. Furaha niliyokuwa nayo! Nikapanda Karurumo mbiombio kuwahurumia. Nikaeleza kioski hadi kioski kwamba mashine mpya haina nguvu hata ya kutikisa balbu. Kitu chenye nguvu hujulikana. Fahali akiingia zizini, ng'ombe wote husogea. Watu wakatikisa vichwa. Mama anayeuza ndizi akasema yeye hakuliamini lile kabati tangu alione likishushwa kwenye lori.

Jioni mambo yakaharibika. Gatwiri ameandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanachama kwamba kila akiwasha atatuma ujumbe, "Maji yamefika." Watu wamejibu kwa mioyo na mikono ya maombi. Hata mama wa ndizi! Wanafiki wakubwa. Kathure naye ameweka moyo. Nimemuuliza sababu, akasema leo ni mara ya kwanza amechota maji yasiyo na matope ya bomba lililopasuka. Sijui mwanamke huyu yuko upande gani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya kazi ya akili.

Nyuma ya stoo kuna mota ya pampu ndogo iliyoungua zamani. Ni ya kampuni moja na yetu, na kibao chake kinafanana na cha mota yetu kwa kila kitu isipokuwa tarakimu. Oscar na Gatwiri walipopanda Karurumo kula githeri, nikajitolea kubaki nikilinda. Umeme ulikuwa umezimwa na swichi imefungwa kwa kufuli, mimi si mjinga. Nikang'oa kibao cha mota yetu, nikabandika cha ile maiti. Hasara ilikuwa kidole kimoja tu, kimechanwa na bati. Vile vijisumari vya kona vilikatika, kwa hiyo nilitumia gundi, na juu ya kila kona nikadondosha rangi ya kucha ya Kathure, ya fedha. Ukitazama huwezi kushuku lolote. Kinang'aa kuliko zamani.

Kibao halisi nimekitupa kwenye shimo la choo. Ushahidi hauogelei.

Mpango ni huu. Vekta yenyewe itawekwa Jumamosi, kwa sababu Mzee Ngari anataka wanachama waione ikizaliwa. Gatwiri atazisoma tarakimu za kibao na kuziingiza. Kabati litausukuma mkono ambao haupo. Mota itamgomea mbele ya umati. Aibu! Hapo mimi, kwa utulivu wa mtu mzima, nitaiendea stata yangu, ambayo Oscar ameiacha imeunganishwa hadi baada ya sherehe kwa ajili ya dharura. Nitavuta. Taa zitafifia. Akina mama watasimama. Funguo nitaletewa bila kura.

Kathure amepika mukimo wa kwao Meru, ndizi nyingi kuliko mahindi kama kawaida yao. Leo nimeusamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekuwa mwerevu kupita kiasi.

Asubuhi nilimwendea Mzee Ngari. Nikamwambia, kwa sauti ya shemasi, kwamba kwa ajili ya amani ya mradi ningependa Gatwiri apewe heshima ya kuingiza tarakimu yeye peke yake. Nilitaka tu asije Oscar akamsaidia. Mzee akavua kofia. Macho yakamlowa! Akasema kumbe amenikosea, alidhani nina wivu na yule msichana. Akasema mtu anayejishusha ndiye anayefaa kuinuliwa. Kwa hiyo atakayeziingiza tarakimu kesho ni mimi.

Nikakataa. Akasema huo ndio unyenyekevu wenyewe. Nikakataa kwa ukali. Akaanza kunipapasa bega. Gatwiri akaitwa, akafurahi mno, akasema ni haki mota ianzishwe na mtu aliyeishi nayo, na kwamba atasimama kando ya "Mzee Lennox" amwelekeze. Mzee! Nina miaka arobaini na saba! Msichana mjanja sana. Lazima kuna kitu anakitaka.

Chumba cha pampu kimefungwa, kimefagiliwa kwa ajili ya wageni, na Oscar ameenda na funguo. Nikasema si neno, nitaziingiza tarakimu za kweli kutoka kichwani. Kibao kile nimekipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa na mafuta, miaka yote. Nimekaa kitandani mchana kutwa nikikikumbuka. Kina kona nne. Kina mkwaruzo upande wa kushoto. Kuna tatu mahali fulani. Zaidi ya hapo hakuna. Nimekipangusa miaka kumi na mmoja na sijawahi kukisoma.

Nimeenda chooni na tochi. Haiwezekani.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ule wa kulia umekuwa maarufu.

Walikuja wote. Hema lilisimamishwa mbele ya mlango wa chumba cha pampu, kwenye kiwanja kidogo tambarare kando ya nyanya za Mzee Ngari. Balbu ziliwashwa mchana kweupe, kwa fahari. Sufuria ya mbuzi ilikuwa mekoni. Mchungaji aliliombea kabati kwa urefu ambao hata wagonjwa hawaupati.

Nikaitwa. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikasoma kibao kwa sauti, nikaziingiza tarakimu. Gatwiri akaninong'oneza kwamba mwendo huo unaonekana mdogo kwa mota yetu, je, nina hakika? Ningeweza kusema sina. Nilimuuliza, kwa sauti ya kusikika, ni nani ameishi na mota hii, yeye au mimi. Makofi! Makofi yale yalinimaliza.

Kabati likapewa nafasi ya kuipima mota ikiwa imesimama. Likawasha taa ya manjano. Oscar akasema tungoje kwanza, kwani linachopima hakilingani na kile lilichoambiwa. Nikabonyeza. Watu mia mbili walikuwa wananitazama, sasa ningengoja nini?

Mota ikakoroma. Ikatetemeka kama mtu mwenye malaria, ikaenda nusu mzunguko, ikasita, ikajikaza tena, ikanyamaza. Taa nyekundu. Kabati likajizima lenyewe. Mtu mmoja akacheka.

Nikapaza sauti kwamba niliwaambia! Mimi niliwaambia! Nikaikimbilia stata yangu, nikavuta. Ngurumo! Balbu zote za hema zikafifia, na akina mama wakainuka vitini kwa mazoea, wengine wakaanza kutafuta mitungi ambayo hawakuja nayo. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nasema kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ilidumu kiasi cha kupiga chafya.

Kisha kiungo kikapasuka. Kile kile cha siku zote, na chini yake walikuwa wameweka hema. Maji yakamwendea mwenyekiti kwanza, kwa heshima ya cheo. Halafu mchungaji. Halafu sufuria. Mbuzi mzima aliteremka hadi mtoni, na nyanya za Mzee Ngari zikamsindikiza.

Gatwiri akazima. Kiungo kikakazwa. Kisha akatoa simu. Alikuwa na picha ya kibao, ameipiga Jumatatu! Eti fundi hagusi mota kabla ya kupiga picha ya kibao chake. Nani hufanya hivyo? Nani hushuku kibao? Akaziingiza tarakimu za kwenye picha, kabati likapima na halikulalamika. Akabonyeza. Oscar akawaeleza watu kwamba kwanza linajenga usumaku, kisha linaongeza ile nguvu ya kuzungusha kidogo kidogo kadiri uzito wa maji unavyoongezeka. Mota ikapanda mwendo na mzigo wake wote kutoka hali ya kusimama, bila kelele. Hakuna balbu iliyopepesa. Baadaye simu zikaanza kulia kutoka Karurumo, tangi limeanza kujaa. Watu waliolowa namna ile sijui walikuwa na nguvu gani za kushangilia.

Mzee Ngari, maji yakimchuruzika kwenye kofia, akauliza imekuwaje kibao cha kwenye simu na cha kwenye mota viwe tofauti. Wakasogea kutazama. Madoa manne ya fedha kwenye kona. Bado ningepona, kwani Embu hii nani angejua madoa yale ni nini? Lakini Kathure alijipenyeza mpaka mbele. "Baba Mwendwa," akasema, kwa sauti yake ya kwaya, "si hiyo ni rangi yangu ya kucha?"

Wote wakageuka kutazama kidole changu kilichofungwa kitambaa.

Gatwiri amechaguliwa bila kupingwa. Kathure aliinua mikono miwili.

Jumatatu, 10 Machi

Kamati imenihurumia, yaani imenitukana kwa adabu. Sikufukuzwa. Mimi sasa ni msaidizi wa Gatwiri, na kazi yangu ya kwanza ni kumpandia Mzee Ngari nyanya upya. Stata yangu imeng'olewa. Imelala nyuma ya stoo karibu na ile mota maiti.

Gatwiri alikuja shambani na chai kwa thamosi. Akasema hana kinyongo. Akasema masikio yangu yanaijua mota ile kuliko mtu yeyote, na kama nitaenda chumba cha pampu kila asubuhi atanifundisha kabati, na baada ya miezi michache tutakuwa tukiwasha kwa zamu. Kwa zamu! Nifundishwe na mtoto wa juzi, ndipo nipewe nusu ya kilichokuwa changu! Nikamwambia nina nyanya. Chai yake nikainywa.

Nitaandika jambo moja kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Leo alfajiri nililala macho wazi nikiitazama balbu yetu. Haikufifia. Simu ya Kathure ikalia, akaisoma, akachukua mtungi, akatoka. Miaka yote hiyo, balbu ilipofifia, alikuwa akimwambia Mwendwa, "Baba yako huyo." Leo hakumwambia mtoto chochote. Iliniuma sana.

Jioni nikapita kwa Bundi, yule wa kuunganisha mageti pale Karurumo. Alikuwa anachomelea. Kila ufito ukigusa chuma, taa ya kinyozi jirani yake ilikuwa inafifia.

Nikamuuliza ana mashine ngapi.

Jumanne, 11 Machi

Imefaulu! Imefaulu kabisa!

Nilimwambia Bundi nina kazi ndogo ya haraka, geti la mtu wa kanisa. Ana mashine mbili kubwa za kuchomelea. Alfajiri, kabla Gatwiri hajafika hata kwenye daraja la mto, nikaziwasha zote kwa pamoja kwenye laini moja na kuzigusisha kwenye reli kuukuu. Cheche! Moshi! Na taa za Karurumo, kuanzia kituo cha mafuta mpaka kwa kinyozi, zikafifia kama zamani.

Milango ikafunguka. Mama wa ndizi, kinyozi, mchungaji na kikohozi alichopata Jumamosi, wote wametoka na mitungi. Ujumbe wa WhatsApp wa siku chache haufuti miaka kumi na mmoja. Kathure alikuwa wa tatu kwenye foleni, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Mwendwa kwamba ni baba yake huyo, bila kufikiri. Nikawapungia mkono wote. Vekta! Vekta iko wapi sasa?

Bundi amekuja mbio akilia kwamba mashine moja imeungua. Mambo madogo. Foleni imefika barabarani na bado wananitazama, mitungi wazi. Limebaki jambo moja tu la kurekebisha kwenye mpango huu, nalo ni maji.